Anwani Zilizofunikwa kwa Wino Mweusi

Tarehe 18 Juni 2009, Bunge la Uingereza liliweka kwenye mtandao nyaraka za matumizi ya wabunge wake. Watu waliozifungua walikuta kurasa baada ya kurasa zimepigwa wino mweusi. Tarakimu za fedha zilisomeka, na hata aina ya kitu kilichonunuliwa mara nyingine ilisomeka. Kilichofunikwa kwa uangalifu kuliko vyote ni anwani: nyumba inayodaiwa gharama iko mtaa gani, mji gani.

Lakini kwa muda wa wiki sita kabla ya siku hiyo, gazeti la Daily Telegraph lilikuwa likichapisha nyaraka hizo hizo zikiwa hazijaguswa na wino. Gazeti lilikuwa limepata diski yenye kumbukumbu kamili, likaanza kuzitoa tarehe 8 Mei. Kwa hiyo msomaji aliweza kuweka karatasi mbili sambamba, ya Bunge na ya gazeti, akajionea mwenyewe kilichokuwa kimefichwa.

Kashfa hiyo inakumbukwa zaidi kwa vituko vyake. Douglas Hogg, mbunge wa chama cha Conservative, alihusishwa na zaidi ya pauni 2,000 za kusafisha handaki la maji linalozunguka jumba lake la mashambani. Mwenzake Peter Viggers aliwasilisha dai la pauni 1,645 la kibanda cha bata kinachoelea bwawani, dai ambalo maofisa walilikataa. Bata na handaki vilipamba katuni za magazeti duniani kote. Mkaguzi wa hesabu anayezisoma nyaraka zile leo, hata hivyo, hawezi kuishia bwawani. Jicho lake litakwenda kwenye anwani, kwa sababu anwani ndiyo iliyobeba fedha nyingi, na ndiyo iliyowapeleka baadhi ya wakubwa gerezani.

Ili kuelewa kwa nini, lazima kuanzia kwenye posho yenyewe.

Mbunge wa Uingereza anayetoka mbali na London ana makazi mawili bila kupenda: nyumbani jimboni, na mahali pa kulala anapohudhuria vikao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliwekwa posho ya kufidia gharama za makazi ya pili. Lengo lilikuwa jema, maana bila msaada huo ubunge ungebaki kazi ya matajiri wenye nyumba London. Kufikia mwaka wa fedha 2007/08, posho hiyo ilikuwa imepanda hadi zaidi ya pauni 23,000 kwa mwaka. Mshahara wa mbunge mwaka 2009 ulikuwa pauni 64,766, hivyo posho ya nyumba peke yake ilizidi theluthi moja ya mshahara.

Ilipandaje hivyo? Kila serikali iliogopa hasira ya wapiga kura pale mishahara ya wabunge ilipopendekezwa kuongezwa. Mishahara ikabanwa mchana kweupe, posho zikaachwa zikue pembeni. Baadhi ya wabunge wakaanza kuiona posho kama sehemu ya mshahara wao, haki ya kuchukuliwa yote, badala ya marejesho ya fedha ambayo mtu ameitumia kweli kwa kazi. Hapo ndipo mzizi ulipo. Kila mhasibu wa ofisi ya umma anajua tofauti hii: anayelipwa mshahara haulizwi ameutumia vipi, lakini anayechukua masurufu lazima ayarejeshe kwa risiti, na kinachobaki kinarudi kwenye kasha.

Risiti zenyewe hazikuhitajika sana. Hadi Aprili 2008, mbunge aliweza kudai kitu chochote cha chini ya pauni 250 bila kuonyesha risiti. Baada ya hapo kiwango kilishushwa hadi pauni 25. Kwa chakula, aliweza kudai hadi pauni 400 kwa mwezi bila karatasi yoyote ya dukani. Alichotakiwa ni kujaza fomu na kutia sahihi kwamba gharama zile zilikuwa za lazima kwa kazi yake ya ubunge. Maofisa wa malipo walimchukulia kuwa mkweli kwa sababu ni Mheshimiwa, na neno la Mheshimiwa lilitosha kuwa ushahidi.

Maofisa hao walikuwa watumishi wa Bunge, chini ya tume iliyoongozwa na Spika. Kwa maneno mengine, karani aliyetakiwa kumkatalia mbunge dai lake alikuwa mwajiriwa wa chombo kinachoendeshwa na wabunge. Walikuwa na orodha ya bei za juu walizokubali kulipa, iliyotokana na bei za duka kubwa la John Lewis: hadi pauni 10,000 kwa jiko jipya, hadi 750 kwa televisheni. Orodha hiyo walikuwa wakiwaficha wabunge wenyewe. Walihofu kwamba bei ya juu ikijulikana, kila mmoja ataidai hiyo hiyo.

Sasa turudi kwenye anwani. Mbunge mwenyewe ndiye aliyeiandikia ofisi ya malipo kuijulisha nyumba yake ipi ni ya kwanza na ipi ni ya pili. Riba ya mkopo wa nyumba, fanicha na matengenezo ya hiyo ya pili vililipwa kwa posho. Kanuni hazikumzuia kubadili. Angeweza kuikarabati nyumba ya jimboni kwa fedha za umma, kisha akaandika barua fupi kwamba kuanzia sasa nyumba ya pili ni ile ya London, akaanza kuikarabati na hiyo. Nyumba moja ikishapendeza, jina la "ya pili" lilihamia nyingine.

Faida haikuishia kwenye ukarabati. Kwa sheria za kodi za Uingereza, mtu akiuza makazi yake makuu hatozwi kodi ya faida ya mauzo, lakini akiuza nyumba nyingine anatozwa. Hivyo ofisi ya malipo ya Bunge iliweza kuambiwa nyumba fulani ni ya pili, huku mamlaka ya mapato ikiambiwa nyumba ile ile ndiyo kuu. Waziri Hazel Blears alijikuta akihojiwa kuhusu mauzo ya namna hiyo. Hakuwa amevunja kanuni, na alisisitiza hivyo, lakini Mei 2009 alisimama mbele ya kamera za televisheni akiwa ameshika hundi ya pauni 13,332 aliyoamua kuilipa mamlaka ya mapato.

Ondoa anwani kwenye karatasi zile, mchezo wote unapotea machoni. Kinachobaki ni mbunge aliyenunua zulia mwaka huu na zulia jingine mwaka ujao. Hakuna anayeweza kujua kwamba mazulia yale yametandikwa katika nyumba mbili tofauti, na kwamba moja imeshauzwa.

Wabunge walijua uzito wa jambo hilo. Sheria ya uhuru wa kupata taarifa ilianza kutumika Uingereza Januari 2005, na waandishi wa habari wakaanza kuomba nyaraka hizo mara moja. Aliyeng'ang'ania zaidi ni Heather Brooke, mwandishi wa kujitegemea. Bunge lilikataa, shauri likapanda ngazi kwa ngazi hadi Mahakama Kuu, ambayo Mei 2008 iliamuru nyaraka zitolewe. Mwaka 2007 wabunge walikuwa wameshapitisha muswada wa kuliondoa Bunge katika sheria hiyo, lakini haukupata wa kuubeba katika baraza la malodi, ukafa. Julai 2008, miezi miwili baada ya hukumu, wakapitisha agizo la kuzuia anwani zao zisitolewe, kwa sababu ya usalama wao.

Hoja ya usalama si ya kupuuzwa. Mbunge ana maadui, na ana familia inayolala katika nyumba ile. Lakini ukaguzi ungeweza kufanyika bila kumpa kila mtu namba ya mlango, kwa mfano kwa kutaja mji, au kwa kila nyumba kupewa alama ya kudumu inayofuatiliwa mwaka hadi mwaka. Wino mweusi ulifuta vyote kwa pamoja.

Baada ya moshi kutulia, ilibidi kutenganisha makosa ya aina tatu. La kwanza ni dai lililoruhusiwa na kanuni lakini likamuudhi mwananchi. La pili ni dai lililokiuka kanuni kwa uzembe au uelewa mbaya. Madai ya makundi haya mawili ya kwanza yalipitiwa na Sir Thomas Legg, mtumishi mwandamizi mstaafu wa serikali, ambaye hatimaye aliwataka mamia ya wabunge wa wakati huo na wa zamani kurejesha jumla ya takriban pauni milioni 1.1. Baadhi walilalamika kwamba aliweka viwango vya juu vya usafi na bustani ambavyo havikuwepo walipodai. Kisheria malalamiko yao yalikuwa na uzito, ingawa mtaani hayakupata wa kuyasikiliza.

Kundi la tatu ni jinai. David Chaytor alidai kodi ya pango la nyumba ya London ambayo ilikuwa mali yake mwenyewe, na kodi ya nyumba nyingine iliyokuwa ya mama yake, akaongeza ankara bandia za huduma za kompyuta. Jumla ilizidi pauni 20,000, na Januari 2011 alihukumiwa kifungo cha miezi 18. Elliot Morley, waziri wa zamani, alidai zaidi ya pauni 30,000 za mkopo wa nyumba, sehemu yake kwa mkopo ambao ulikuwa umeshalipwa ukaisha. Alipata miezi 16, sawa na Jim Devine aliyewasilisha ankara bandia za usafi na uchapishaji.

Kabla ya kufika kizimbani, watatu hao walijaribu mlango mmoja wa mwisho. Walidai kwamba mahakama za kawaida hazina uwezo wa kuwashtaki, kwa kuwa shughuli za Bunge zina kinga chini ya sheria ya haki ya mwaka 1689. Kinga hiyo ndiyo iliyozaa kifungu cha uhuru wa majadiliano bungeni katika katiba nyingi za nchi zilizotawaliwa na Uingereza, ikiwemo ibara ya 100 ya Katiba ya Tanzania na ya 117 ya Kenya. Novemba 2010, majaji tisa wa Mahakama ya Juu waliikataa hoja hiyo kwa kauli moja. Kinga inamlinda mbunge anaposema ukumbini, ili mwenye nguvu asimzibe mdomo. Fomu ya kudai kodi ya pango si hotuba.

Kisiasa, mti mkubwa ulioanguka ni Spika Michael Martin, ambaye alikuwa amepinga kwa nguvu kutolewa kwa taarifa hizo. Tarehe 19 Mei 2009 alitangaza kujiuzulu, Spika wa kwanza kulazimishwa kuondoka tangu John Trevor mwaka 1695. Katika uchaguzi wa 2010, karibu wabunge 150 hawakugombea tena.

Mabadiliko ya kweli yaliletwa na sheria ya mwaka 2009 iliyounda mamlaka huru, IPSA, iliyoanza kusimamia madai baada ya uchaguzi wa 2010. Maofisa wake si watumishi wa Bunge. Riba ya mikopo ya nyumba haidaiwi tena: mbunge anayehitaji makazi ya pili analipiwa pango, na nyumba si yake kuiuza. Kila dai linahitaji ushahidi, na madai yote huchapishwa kwa vipindi ili mwananchi ayaone.

Tofauti ya mpango wa zamani na mpya ilionekana Aprili 2014. Waziri Maria Miller alichunguzwa kwa madai ya nyumba ya miaka ya kabla ya IPSA. Kamishna wa maadili alipendekeza arejeshe takriban pauni 45,000, lakini kamati ya wabunge wenzake ikapunguza hadi 5,800. Hasira ya wananchi ilimlazimisha kujiuzulu uwaziri ndani ya siku chache. Jared O'Mara, aliyekuwa mbunge wa Sheffield Hallam, alikutana na mpango mpya. Mwaka 2019 aliipelekea IPSA ankara za kazi ambazo hazikuwahi kufanyika. Maofisa waliuliza ushahidi uko wapi, wakakataa kulipa. Februari 2023 alihukumiwa kifungo cha miaka minne kwa kujaribu kujipatia maelfu ya pauni kwa udanganyifu.

Kisa kidogo kuliko vyote ndicho kinachoonyesha umbali uliosafiriwa. Chris Davies, mbunge wa Brecon na Radnorshire huko Wales, alinunua picha tisa za kupamba ofisi yake kwa pauni 700. Ununuzi wenyewe ulikuwa halali. Lakini alitaka kuugawa katika mafungu mawili ya bajeti, na badala ya kuomba ruhusa akatengeneza ankara mbili za uongo. Mwaka 2019 alikiri kosa mahakamani, na kwa kuwa sheria ya 2015 inawapa wananchi nafasi ya kumwondoa mbunge aliyepatikana na hatia ya kudanganya katika madai, daftari la sahihi likafunguliwa jimboni. Watu 10,005 walikwenda kutia sahihi, wakatosha kumvua kiti. Chama chake kilimsimamisha tena katika uchaguzi mdogo wa tarehe 1 Agosti, akashindwa kwa kura 1,425.