Ruka au rukia? Namna ya kuongeza umbali wa kuruka mbele bila kukimbia

Mwaka jana nilikuwa katika mazoezi ya ualimu kwenye shule moja ya sekondari hapa mjini. Asubuhi moja prefe aliniita ofisini: mwalimu wa michezo ameugua, na darasa la pili lina mtihani wa kuruka. Mimi nilitumwa kufundisha ngeli za nomino, lakini mwanafunzi-mwalimu hakatai kazi. Nikachukua mita ya fundi mwashi na daftari la alama, nikashuka uwanjani.

Mtihani ni ule tunaoujua sote kwa jina la Kifaransa, saut en longueur sans élan. Unasimama nyuma ya mstari, miguu yote miwili sambamba, unaruka mbele bila kupiga hatua hata moja. Unapimwa kutoka mstarini hadi kisigino kilichobaki nyuma. Kila mtoto ana nafasi tatu, na iliyo bora ndiyo inayoandikwa.

Msichana mmoja aliruka mita 1.38. Alama ya kupita ilikuwa 1.45. Nilimhurumia, nikaanza kumsahihisha: «Kunja magoti zaidi! Nyoosha vifundo vya miguu! Angalia mikono yako!» Mara ya pili akaruka 1.29. Nikaongeza maelezo. Mara ya tatu, 1.27. Aliitazama miguu yake kana kwamba si yake, kisha akaenda kukaa chini ya mwembe. Nami nikaandika kwamba ameshindwa.

Usiku ule sikupata usingizi vizuri. Mtoto alikuwa na nguvu zile zile katika nafasi zote tatu. Kilichobadilika katikati ni maneno yangu. Basi nikaanza kusoma juu ya jambo hili, na niliyoyapata yanatuhusu sisi watu wa lugha kuliko nilivyodhani.

Umbali unatoka wapi

Kwanza tuelewe mruko wenyewe. Umbali wake una sehemu tatu. Ya kwanza ni ile unayoipata kabla ya kuacha ardhi, mwili unapoinama mbele kupita ncha za vidole. Ya pili ni ile ya hewani, nayo ndiyo kubwa. Ya tatu ni ile unayoiongeza wakati wa kutua, ukitanguliza miguu mbele ya kiwiliwili.

Sehemu ya hewani hutegemea hasa kasi uliyo nayo unapoondoka na mwelekeo wa kasi hiyo. Katika fizikia tulifundishwa kwamba jiwe hufika mbali likirushwa kwa nyuzi 45. Mwanadamu si jiwe. Akijielekeza juu sana, hupoteza kasi, maana sehemu ya nguvu inatumika kuubeba uzito wake mwenyewe. Wakai na Linthorne walipima jambo hili mwaka 2005, wakaona kwamba pembe inayofaa iko chini ya nyuzi 30. Kwa hiyo anayepaa juu kama kuku anayekwepa fimbo anajipunja mwenyewe.

Mikono nayo si pambo. Mwaka 2002 Ashby na Heegaard waliwarusha watu wachache kwa namna mbili: mikono ikiwa imefungwa, kisha ikiwa huru. Wenye mikono huru walipata wastani wa sentimita 36 zaidi. Mikono hupelekwa nyuma wakati wa kuchuchumaa, kisha hutupwa mbele na juu pamoja na msukumo wa miguu.

Neno linalofupisha mruko

Sasa tufike kwenye kosa langu. Mwaka 2010 Porter na wenzake waliwapima wanafunzi 120 wa chuo kikuu. Kundi moja liliambiwa lifikirie kunyoosha magoti upesi iwezekanavyo. Kundi jingine liliambiwa lifikirie kufika mbali iwezekanavyo kupita mstari wa kuanzia. Kundi la pili liliruka wastani wa takriban sentimita 10 zaidi, ingawa tofauti ilikuwa katika sentensi tu. Maelezo yanayotolewa na Gabriele Wulf, aliyelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, ni kwamba mtu akikiwazia kiungo chake, huingilia kazi ambayo mwili ungeifanya wenyewe. Akiwazia kitu kilicho nje ya mwili, mwili hujipanga.

Tuliangalie jambo hili kwa macho ya sarufi. Katika «kunja magoti», yambwa ya kitenzi ni kiungo cha mwili. Katika «fikia mstari ule», yambwa ni kitu cha nje. Amri zangu zote tatu kwa yule msichana zilikuwa za aina ya kwanza.

Kiswahili kina mtego wa ziada. Kitenzi «kuruka» hakisemi unakwenda wapi. Ndege anaruka, avioni inaruka, mtoto anaruka kamba. Ukimpigia mtoto kelele «Ruka!», si ajabu akienda juu. Lakini lugha hiyo hiyo inatupa dawa. Weka kauli ya kutendea, useme «rukia», na kitenzi kinadai mahali pa kufika: rukia nini? Rukia mstari ule. Sidai kwamba kiambishi peke yake kinaongeza misuli. Ninasema kwamba kinamlazimisha mwalimu kutaja shabaha, na shabaha ndiyo mtoto anayoihitaji.

Wiki sita chini ya mwembe

Mwalimu wa michezo alipopona nilimweleza yaliyotokea. Alinisikiliza, akacheka kidogo, akanikubalia kuwafundisha walioshindwa, mara mbili kwa wiki, halafu yeye mwenyewe angewapima tena. Walikuwa saba. Haya ndiyo tuliyoyafanya, na yeyote anaweza kuyafanya bila chombo cha kununua.

Kila siku tulianza kwa dakika kumi za kupasha mwili moto: kukimbia polepole, kuzungusha nyonga, kurukaruka papo hapo. Tulitumia mchanga au majani, kamwe si sakafu ya saruji.

Wiki mbili za kwanza tulijifunza kutua. Mruko mfupi, kisha kutua kwa magoti yaliyolegea. Amri ilikuwa moja: «Tua nisikusikie.» Angalieni, haitaji goti. Kisha tulijenga nguvu: kuchuchumaa na kusimama mara kumi, kuinuka kwa ncha za vidole mara kumi na tano, raundi tatu.

Wiki ya tatu hadi ya tano tuliruka kwa nguvu zote, lakini mara chache: miruko mitatu, kupumzika dakika mbili au tatu, kisha mitatu mingine, hadi kufika kumi na miwili au kumi na mitano. Hapa wengi hukosea. Hudhani kwamba miruko hamsini ni bora kuliko kumi na miwili. Mwili uliochoka hujifunza kuruka kichovu. Ndiyo maana pia tuliacha angalau siku moja kati ya mazoezi, na aliyeumwa goti alikaa.

Mbele ya kila mtoto nilichora mstari wa majivu, sentimita tano kupita alama yake bora. Nilisema: «Isukume ardhi nyuma, urukie mstari.» Akiufikia, tuliusogeza. Wiki ya sita tulipunguza kazi, ili waje mtihanini wakiwa wepesi.

Watano kati ya saba walipita. Yule msichana aliruka mita 1.52. Wawili hawakufika, ingawa kila mmoja alikuwa ameongeza kitu juu ya alama yake ya mwanzo. Watoto saba si utafiti, na mazoezi ya nguvu yalisaidia pamoja na maneno, siwezi kuvitenganisha.

Mruko huu uliwahi kuwa katika Michezo ya Olimpiki, kuanzia 1900 hadi 1912. Mmarekani Ray Ewry, aliyeugua polio utotoni, aliushinda mwaka 1900, 1904 na 1908, na mwaka 1904 alifika mita 3.47. Ninamtaja kwa sababu daftari la alama halikumbuki kitu kama hicho: linaandika ulipofika leo, basi.

Wengi wetu katika kitivo hiki tutakuwa walimu. Tutasahihisha insha, matamshi na mwandiko, na tutasema «kaza ulimi», «angalia kalamu yako». Mimi, kabla ya kumsahihisha mtoto, siku hizi najiuliza: je, sentensi yangu inampa mahali pa kufika, au inamrudisha kuitazama miguu yake?