Kwa nini Ngao ya Jamii inageuka dabi ya Simba na Yanga?

Bao moja la Pacome Zouzoua, dakika ya 54, lilitosha. Jumanne ya Septemba 16, 2025 Yanga iliichapa Simba 1-0 kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, ikabeba Ngao ya Jamii na kumfunga mtani wake kwa mara ya sita mfululizo, tangu zile 5-1 za Novemba 2023.

Ukiwa Kigonsera, kwenye barabara ya Songea kwenda Mbinga, dabi hii unaifuata kwenye kibanda umiza au kwenye simu. Uwanja wenyewe uko mbali, ingawa jina lake si geni hapo: Rais Mkapa alisoma seminari ya Kigonsera akiwa kijana, na uwanja ulipewa jina lake mwaka 2020 baada ya kufariki.

Sasa tuache utani kidogo. Msimu wa 2024/25 Simba haikuwa bingwa wa ligi. Haikuwa bingwa wa Kombe la FA pia, na hata fainali haikuiona, maana ilitolewa nusu fainali na Singida Black Stars. Iliingiaje kwenye Ngao?

Wazo la Ngao ni rahisi, na linafanana na la Uingereza: kabla ligi haijaanza, bingwa wa ligi anakutana na bingwa wa Kombe la FA. Mwaka 2018 ilikuwa hivyo, Simba ikacheza na Mtibwa Sugar na kushinda 2-1. Mwaka 2019 ikawa Simba na Azam, 4-2. Hakuna aliyeuliza kitu.

Tatizo linaanza pale timu moja inapobeba makombe yote mawili, na hilo limetokea misimu sita mfululizo: Simba mara mbili (2020 na 2021), kisha Yanga mara nne (2022 mpaka 2025). Nafasi ya pili inabaki wazi, lazima mtu aitwe.

Nani aitwe? Hapa ndipo penye utamu.

Mwaka 2020 aliitwa aliyefungwa kwenye fainali ya FA. Namungo ya Ruangwa ilipoteza fainali kwa Simba kule Sumbawanga, ikapata Ngao yake Arusha, ikafungwa 2-0. Ilifungwa, ndiyo, lakini ilicheza. Yanga iliyomaliza ya pili kwenye ligi mwaka huo ilikaa pembeni.

Mwaka 2021 Yanga ilikuwa ya pili kwenye ligi na ndiyo iliyofungwa fainali ya FA na Simba, kwa hiyo ubishi haukuwepo.

Mwaka 2022 sasa. Yanga ilibeba vyote, na aliyefungwa fainali ya FA, tena kwa matuta, alikuwa Coastal Union ya Tanga. Kwa hesabu ya Namungo, Coastal ndiyo ingecheza Ngao. Ikaitwa Simba, mshindi wa pili wa ligi. Fiston Mayele akapiga mbili, Yanga ikashinda 2-1, watu wakajadili Mayele na kutetema kwake. Coastal ikasahaulika.

Mwaka 2023 ukaja mfumo mwingine: timu nne za juu za ligi, nusu fainali na fainali, zote Mkwakwani, Tanga. Fainali ikawa ileile. Dakika 90 bila bao, wakaenda moja kwa moja kwenye matuta, kipa Ally Salim akaokoa matatu na Simba ikashinda 3-1. Mwaka 2024 timu zilikuwa nne tena, ila watani wakakutana mapema, nusu fainali. Yanga ikapita 1-0, kisha ikaipiga Azam 4-1 kwenye fainali. Mwaka 2025 tukarudi kwenye mechi moja, na mshindi wa pili wa ligi akaitwa.

Sababu ya kibiashara haihitaji profesa. Uwanja wa watu 60,000 hauulizi mara mbili ukisikia Simba na Yanga. Matangazo ya TV yanauzika, wadhamini wanafurahi. Ukiweka Yanga na Coastal huwezi kutegemea umati ule. Hilo nalikubali.

Ila kuna anayelipa gharama yake, na kwa mtu wa Ruvuma si jambo la mbali. Majimaji ya Songea ilikuwa bingwa wa Ligi ya Muungano mwaka 1985, 1986 na 1998. Mwaka 2018 ikashuka Ligi Kuu. Timu ya aina hiyo hata ikipanda, kumaliza mechi 30 ikiwa juu ya Simba au Yanga ni kazi nzito: inataka kikosi kipana, nauli za nchi nzima na mishahara isiyochelewa. Kombe la FA ni mtoano. Mkubwa akiamka vibaya siku moja tu, amekwisha. Desemba 2017 Simba ilitolewa kwa matuta na Green Warriors, timu ya daraja la pili, na msimu huohuo kombe likaenda Mtibwa.

Ndiyo maana kwangu hesabu ya 2020 ilikuwa ya haki zaidi. Ukiirudisha, wapinzani wa Yanga kwenye Ngao wangekuwa Coastal Union mwaka 2022, Azam 2023 na 2024, na ile Jumanne ya Septemba pale kwa Mkapa wangekuwa Singida Black Stars, waliomtoa Simba na kufika fainali.