Nchi ya Matete

Sogeeni, wajukuu zangu. Leo tunapanda mbali, hadi mita 3,812 juu ya usawa wa bahari, katika milima ya Andes huko Amerika Kusini. Hewa ya huko ni nyepesi, mgeni akipanda kilima kidogo tu anahema. Na huko juu kuna ziwa, Titicaca, sehemu yake iko Peru, sehemu iko Bolivia.

Karibu na mji wa Puno wanaishi Wauros. Wapo wasioishi ufukweni, wanaishi majini, juu ya ardhi waliyoitengeneza wenyewe! Sikilizeni jinsi wanavyofanya. Penye kina kifupi humea matete yaitwayo totora. Mizizi yake husukana ikawa bonge jepesi linaloelea. Hukata mabonge hayo, huyafunga pamoja kwa kamba, kisha hutandaza matete juu yake, tabaka moja hivi, la pili limekingama juu yake. Hutia nanga, upepo usije ukakichukua kisiwa usiku. Ukikanyaga, mguu unadidimia kama juu ya godoro.

Nyumba ni totora, mashua ni totora, na shina jeupe la chini humenywa likaliwa. Jiko huwekwa juu ya mawe, maana cheche moja yatosha kuteketeza kijiji. Matete ya chini nayo huoza bila kukoma, kwa hiyo kila baada ya muda mfupi lazima watandaze mapya. Mvivu hana kisiwa.

Lugha ya kale ya Wauros imezimika. Sasa wanasema Kiaymara. Hilo linaniuma.

Na chini ya maji ya Titicaca yupo chura mkubwa, ngozi imemlegea kama mtoto aliyevaa kanzu ya babake. Msimcheke. Ni kwa mikunjo hiyo ya ngozi anapumua, na hewa ikipungua majini, huinuka na kushuka kwa miguu yake ili maji yapite kwenye ngozi yake.

Basi maji yakichafuka, uchafu huo unampitia ngozini. Mwaka 2016 vyura hao kwa maelfu walikufa katika mto Coata, unaomwaga maji yake ziwani. Wenyeji walibeba mizoga hadi uwanja mkuu wa Puno, wakaipanga chini, wakidai majitaka yasafishwe.

Katika makazi ya asili, nje ya bonde la ziwa hilo, chura huyo hayupo popote duniani.