Jeni za Njaa na Jeni za Shibe

Mkoa wa Katavi, magharibi mwa Tanzania, hupata mvua ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Februari ghala limepungua na mahindi bado mabichi, lakini matembele na majani ya maboga yamejaa shambani. Agosti mambo hugeuka: magunia yamepangwa hadi darini, ila mboga mbichi hutafutwa mabondeni, na mlo wa jioni ni ugali na maharage, au dagaa wa Karema. Mwanamke wa Nsimbo anayeshika mimba Februari na mwenzake wa Agosti hawaanzi kumlisha mtoto chakula kimoja. Tofauti hiyo inaweza kufika hadi kwenye ubongo.

Katika sehemu ya chini ya ubongo kipo kipande kidogo kiitwacho haipothalamasi. Humo seli zinazotumia jeni ya AgRP huchochea njaa, na zinazotumia jeni ya POMC huleta shibe. Mafuta ya mwilini hutoa homoni ya leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 na maabara ya Jeffrey Friedman, New York. Leptini ikishuka, AgRP hupamba moto na POMC hupoa. Ndiyo maana anayejinyima ili apungue huota wali usiku.

Jeni hizo kila mtu anazo. Kinachotofautiana ni nguvu ya utendaji wake. Vipande vya kemikali viitwavyo methili hujibandika kwenye DNA kama komeo mlangoni. Mwili huvitengeneza kwa msaada wa folati ya mboga za majani, kolini ya mayai na vitamini B12 ya samaki na nyama.

Vijijini Gambia, ambako pia mvua ni ya msimu mmoja, watafiti walikuta watoto ambao mimba zao zilitungwa msimu wa mvua wana methili nyingi zaidi katika sehemu kadhaa za DNA. Mwaka 2016 Peter Kühnen wa Berlin na wenzake waliifikia POMC yenyewe. Ushahidi wao ulionyesha kuwa methili zake hupangwa kiinitete kikiwa kichanga, zikihusiana na virutubisho vilivyomo katika damu ya mama mimba inapotungwa; na waliokuwa nazo nyingi walielekea kuwa wanene.

Kwa hiyo kumeza folati kwa wingi si dawa. Kinachotakiwa ni mlo mchanganyiko mwaka mzima, tena mapema. Vidonge vya kliniki vina kazi yake, lakini mjamzito anapofungua kadi, makomeo haya yameshawekwa. Katika mkoa wenye mahindi ya kuuza, ambako takriban mtoto mmoja kati ya watatu amedumaa, somo la lishe linamhusu msichana ambaye bado hajafikiria kuzaa.