Mang'ola: Kwa nini watalii wanaacha lami kwenda kuona kufuli likigeuka bangili?

Ukitoka Karatu mjini kuelekea lango la Ngorongoro, kuna njia inakata kushoto na kushuka Mang'ola, kwenye bonde la Ziwa Eyasi. Ni kama kilomita 50 za vumbi na mawe. Huko hakuna anayekuahidi simba wala tembo, ila magari ya watalii bado yanashuka.

Wanafuata nini?

Kituo kimoja wanachokipenda ni boma la wahunzi wa Kidatoga. Ukifika, unakuta kibanda cha kawaida tu: makaa, mivukuto ya ngozi ya mbuzi, nyundo na kipande cha chuma cha kugongea.

Malighafi ndiyo inayowashangaza watu. Kufuli bovu, koki ya bomba iliyotupwa, misumari. Shaba ya kufuli na koki inayeyushwa, inamiminwa, ikipoa inagongwa, inatiwa nakshi na kukunjwa kuwa bangili. Msumari wenyewe hauyeyushwi. Unapashwa moto hadi uwe mwekundu, kisha unagongwa mpaka unakuwa chembe ya mshale.

Mvuto uko wapi?

Kwanza, unaona kitu mwanzo hadi mwisho. Bangili ya dukani hujui imetoka wapi, lakini hii uliiona ikiwa kufuli. Pili, mgeni anaachiwa mivukuto avukute mwenyewe. Dakika mbili tu jasho linamtoka, anaanza kuiheshimu kazi.

Vituko vingi vya barabarani duniani vinaishi kwa siri hiyo ya kumshirikisha mpita njia. Huko Amarillo, Texas, magari 10 aina ya Cadillac yamefukiwa pua chini tangu 1974, na wageni wanaruhusiwa kuyapulizia rangi. Nanyuki, Kenya, unaonyeshwa maji yakigeuza mzunguko ukivuka mstari wa Ikweta. Hiyo ya Nanyuki, tuseme ukweli, ni ufundi wa mkono: mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kugeuza maji ya beseni kwa hatua chache tu.

Mang'ola siyo maigizo, bado

Mishale ile ina wateja wake. Wahadzabe, majirani wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya matunda na mizizi, kwa miaka mingi wamebadilishana na Wadatoga: asali na nyama kwa vyuma.

Shida ni kwamba pori lao linabanwa na mashamba na mifugo. Mwaka 2011 baadhi ya Wahadzabe wa Yaeda Chini, wilaya jirani ya Mbulu, walipata hati ya ardhi ya pamoja. Siyo kila kambi ina ulinzi huo.

Wanyama wakiisha, mshale unabaki pambo. Mhunzi atakuwa anagongea kamera, na wewe utakuwa unalipia maigizo kama yale ya beseni.

Ukienda, fanya hivi

Uliza kabla ya kupiga picha. Kabla hamjaondoka Karatu, muulize anayekuongoza: katika hela niliyolipa, mhunzi anapata ngapi? Bangili inunue mkononi mwa aliyeigonga.

Na lile kufuli bovu la nyumbani, usilitupe. Nenda nalo.