Mbele ya kufungua motere: ambrayaje ao bwati ya vitesi?

Moto ya zamani ikianza kukataa vitesi, neno la kwanza utasikia kwenye garaje ni hili: «Papa, bwati imekufa, tufungue motere.» Kwa mutumikaji wa mugodi, neno hilo linakula sehemu kubwa ya mushahara. Na siku zote motere iko chini, unaenda posti ya asubuhi kwa miguu ao kwa manseba wa kulipa. Mama naye anabeba unga kichwani kutoka soko.

Kwenye sindika tunaambiana kila siku: usisaini karatasi haujasoma. Moto nayo ni vile vile. Iko na alama zake, na alama mingi zinaonyesha kama ubaya uko inje, fasi ya bei ndogo. Tuzisome pamoja.

Kila kitu iko wapi

Kwenye TVS na Boxer, zile tunaona kila fasi toka Kolwezi mpaka Lubumbashi, ambrayaje ni disiki zinazobanana ndani ya mafuta, nyuma ya karteri ya upande wa kuume. Ukimwanga mafuta, ukiondoa kiki na karteri, unaifikia. Motere inabaki kwenye shasi.

Bwati ya vitesi iko katikati ya motere yenyewe. Kuifikia lazima motere ishuke na ipasuliwe sehemu mbili. Ndiyo sababu bei za kazi hizi mbili hazifanani. Mutu akisema «tupasue» juu ya ambrayaje, muulize: kwa nini?

Jambo lingine: motere, ambrayaje na bwati zinakunywa mafuta moja. Mafuta mabaya yanaumiza zote tatu.

Motere inalia, moto haiendi

Unapanda mulima na mutu nyuma. Unapa gazi, motere inalia kwa nguvu, lakini moto inabaki pale pale. Ambrayaje inateleza. Ujaribu kwenye barabara tupu: endesha pole pole na vitesi ya 3, kisha upe gazi kwa mara moja. Sauti ikipanda na mwendo usipande, umepata jibu.

Mbele ya kununua disiki, angalia kable. Levye ya mukono wa kushoto inapaswa kucheza bure kidogo, milimetre 10 mpaka 15 kwenye ncha, mbele ya kuanza kuvuta. Kama haichezi hata kidogo, kable inavuta ambrayaje saa yote, na disiki zinaungua. Legeza kable, ujaribu tena. Kazi ya dakika 5.

Kisha uliza ni mafuta gani iliwekwa mara ya mwisho. Ambrayaje ya moto inaogelea ndani ya mafuta, haitaki yale ya gari, juu mafuta mengine ya gari yametengenezwa kwa kupunguza musuguano, na disiki zinateleza. Kwenye bidon tafuta maandishi JASO MA ao MA2. JASO MB ni ya skuta, uiache.

Kable iko muzuri, mafuta ni ya moto, na bado inateleza? Sasa ndiyo disiki zimekwisha, ao resoro zimechoka. Disiki za chuma zikigeuka rangi ya bluu, ni kusema zimeungua, zibadilishwe nazo. Resoro zinabadilishwa zote pamoja. Disiki mupya zinalowekwa kwanza ndani ya mafuta.

Vitesi haiingii, puamori haipatikani

Hapa ni kinyume: umevuta levye mpaka mwisho, lakini moto inataka kwenda. Ukitia vitesi ya 1 inapiga «klak!» Umesimama, unatafuta puamori, haupati.

Zima motere. Sukuma moto mbele na nyuma kidogo, na utafute puamori kwa muguu. Kama inapatikana vyepesi motere ikiwa imezimwa, na inakataa motere ikiwaka, bwati haina kosa: ni ambrayaje haiachi. Jaribio hili halilipishwi, na linaweza kukuokolea mwezi muzima.

Sababu ya kwanza ni kable iliyolegea ao iliyoanza kukatika nyuzi. Musimu wa mvua maji na matope yanaingia ndani ya ngozi yake. Kiangazi ni vumbi. Ifungue juu, tia matone ya mafuta mpaka yatoke chini, kisha rekebisha mucheko wa levye. Nyuzi zikianza kukatika, nunua mupya. Kable ni piesi ya bei ndogo. Kama haisaidii, pale ndipo karteri ya kuume inafunguliwa, waangalie kama disiki zimejikunja ao kama zimechimba kloshe.

Vitesi inaruka

Umetia vitesi ya 2, unapa gazi, inatoka yenyewe. Hapa watu wengi wanakata tamaa. Lakini angalia kwanza kiatu chako. Kiatu ya sekirite, ile ya chuma kwenye vidole, ni nene. Haiingii muzuri chini ya levye ya vitesi, ao inalala juu yake njia muzima pasipo wewe kusikia. Vitesi inaingia nusu, kisha inaruka. Na muguu unaolemea levye kila siku unamaliza piesi za ndani kweli. Legeza buloni ya levye, sogeza levye jino moja juu, kaza tena. Angalia pia kama levye haigusi kitu ao haijakunjwa na kuanguka.

Ikiendelea kuruka, na kila mara ni vitesi ile ile moja, basi meno ya ndani yameviringana ao uma wa kusukuma vitesi umekunjika. Hii ni bwati.

Kelele

Sheni iliyolegea inapiga kishindo kama bwati mbovu. Katikati yake, chini, icheze sentimetre 2 mpaka 3. Angalia meno ya pinyo ndogo: yakiwa yamekunjwa kama ndoano, yamekwisha. Na tundu la pinyo likiliwa, motere inazunguka, gurudumu linabaki. Mutu anafikiri ni ambrayaje.

Mafuta haidanganyi

Kama haujaamini bado, motere ikiwa na joto kidogo, mwanga mafuta ndani ya basani safi, uyapitishe kwenye kitambaa cheupe. Unga mulaini unaong'aa kidogo ni uzee wa kawaida. Uchafu mweusi wenye harufu ya kuungua ni disiki. Vipande vya chuma vinavyochoma kidole, ao kipande cha jino, ni bwati.

Ukifika kwenye garaje

Usiseme «moto haitembei.» Sema: «Puamori inapatikana ikizimwa, inakataa ikiwaka. Kable nimerekebisha.» Fundi mwema atafurahi, na mwengine atajua kama umejua. Patana bei mbele, kaa pale wakati wa kufungua, na uombe piesi za zamani zote mukononi. Ni mali yako.

Lakini tusidanganyane upande wa pili. Kama vitesi ile ile inaruka na chuma iko kwenye kitambaa, usiongeze hata wiki moja kwa kungoja mwisho wa mwezi. Jino likivunjika linaweza kukwama, na gurudumu la nyuma linajifunga moto ikiwa mbioni. Kwenye barabara yenye malori ya mugodi nyuma yako, hakuna nafasi ya kuamka. Siku hiyo, fungua motere, hata kwa deni.