Mizuka ya Gettysburg: Lipia Nini, Acha Nini

Kama unaishi Baltimore, Washington au miji ya jirani na familia imeshikilia kwenda Gettysburg kuiona mizuka, amua wiki hii. Wikendi za Oktoba hujaa mapema, na kinachobaki mwishoni ni cha bei ya juu.

Msimamo wangu nauweka mbele ili usipoteze muda: lipia mtu anayeijua historia, lipia kiingilio cha mchana cha nyumba moja, na vifaa vya kusakia mizimu viache dukani. Asubuhi na alasiri za safari hii hazihitaji pesa nyingi. Pesa huliwa na usiku.

Kwanza ujue unaenda wapi. Kuanzia tarehe 1 hadi 3 Julai 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, majeshi ya Kaskazini na Kusini yalikutana kwenye mji huu mdogo wa Pennsylvania uliokuwa na wakazi 2,400 hivi. Waliouawa, kujeruhiwa, kutekwa na kupotea wanakadiriwa kufika 51,000. Majeruhi walilazwa makanisani, ghalani, na sebuleni kwa watu. Mji uliopitia hayo haukosi hadithi za nyayo ngazini na sauti usiku, na haukosi wa kuziuza pia.

Uwanja wenyewe wa vita ni bure. Uko chini ya hifadhi za taifa, hakuna lango la kulipia, na kuegesha gari hulipii. Unacholipia ni kuingia makumbusho.

Lakini hifadhi hufungwa usiku. Hili watu wengi hulijua wakiwa wameshafika. Mtu akikuuzia usiku wa manane juu ya kilima cha Little Round Top, anakuuzia faini. Ziara halali za usiku hufanyika mjini, kandokando ya barabara na ndani ya nyumba za watu binafsi. Kifaa cha kutafutia vyuma ardhini usikibebe kabisa, ni marufuku hifadhini, na kuokota risasi kuukuu ni kosa hata ukiikuta juu ya majani.

Mahali panapotajwa sana kwa mizuka ni miamba ya Devil's Den. Wageni husema kamera hugoma pale na betri huisha ghafla. Kabla hujaogopa, kumbuka kwamba betri hushuka haraka kwenye baridi, na kwamba mtu aliyefika hapo ameshapiga picha tangu asubuhi. Halafu kuna jambo ambalo ningependa kila mgeni alijue. Siku chache baada ya vita, wapiga picha wa Alexander Gardner walimpiga picha askari wa Kusini aliyelala amekufa katikati ya mawe hayo, bunduki imeegemezwa ukutani. Mwanahistoria William Frassanito alionyesha mwaka 1975 kwamba maiti ile ile imo kwenye picha nyingine, mahali pengine. Waliibeba makumi ya mita ili ipendeze kwenye picha. Kwa hiyo ukiuziwa picha ya kizuka iliyopigwa hapo, uliza kwanza nani aliipiga na aliipigaje.

Sasa twende kwenye pesa.

Chaguo ninalolipa alama za juu ni mwongozaji mwenye leseni. Utaratibu huu upo tangu 1915, na leseni haipatikani bila mtihani mgumu. Mwongozaji anaingia kwenye gari lako, mara nyingi ndiye anayeendesha, na mnazunguka kwa saa mbili hivi. Bei ni karibu dola 100, na hulipwa kwa gari la watu hadi sita. Mkiwa watano ni dola 20 kila mmoja. Mwulize kuhusu mizuka bila haya. Atakwambia nini kiliandikwa wakati ule na nini kilizuka baadaye.

Ziara ya kutembea usiku ni dola 15 hadi 25 kwa kichwa, kwa saa moja au saa na nusu. Watu watano ni dola 75 hadi 125, karibu sawa na mwongozaji, na mara nyingi nyumbani kwa mtu hamuingii, mnasimama nje mkisimuliwa. Juu ya hapo kuna tozo ya kukata tiketi mtandaoni, maegesho ya mjini ya kulipia, na bakshishi inayotarajiwa. Mvua ikinyesha ziara inaendelea, na usipokwenda pesa hairudi. Soma mstari huo wa maandishi madogo kabla ya kubonyeza.

Ziara hizi si mbaya zote. Kuna njia ya kuzipima kwa simu moja. Mwulize muuzaji kuhusu sajini Amos Humiston. Huyu alikutwa amekufa mjini, bila kitambulisho, mkononi ana picha ya watoto watatu. Magazeti ya wakati ule hayakuweza kuchapa picha, yakaandika maelezo ya sura na nguo za watoto, na mke wake akayasoma huko New York akatambua kuwa ni wanawe. Kutokana na kisa hicho kilifunguliwa kituo cha yatima wa askari Gettysburg mwaka 1866. Miaka kumi baadaye msimamizi wake, Rosa Carmichael, alikamatwa kwa kuwatesa watoto. Siku hizi ghorofa ya chini ya ardhi ya jengo lile huuzwa kama mahali pa vilio vya watoto usiku. Muuzaji anayekijua kisa hiki kuanzia ile picha, mpe dola zako. Anayejua vilio tu, muage. Wale walikuwa watoto wa watu, na mateso yao yana kumbukumbu za kweli zisizohitaji kutiwa chumvi.

Sasa nyumba. Inayotafutwa kuliko zote ni ile ya Jennie Wade kwenye Baltimore Street. Aliyeishi humo ni dada yake, Georgia, aliyekuwa na kitoto cha siku chache tu. Asubuhi ya tarehe 3 Julai Jennie, mwenye umri wa miaka 20, alikuwa anakanda unga wa mkate. Risasi ikatoboa mlango wa nje, ikapita mlango wa ndani, ikampata mgongoni. Ndiye raia pekee wa mji aliyeuawa moja kwa moja na mapigano yale. Mchumba wake, Jack Skelly, alikuwa amejeruhiwa kwenye vita vya Winchester mwezi uliotangulia, naye akafa tarehe 12 Julai. Hakuna kati yao aliyepata habari ya mwenzake.

Tundu la mlango lipo, unaliona kwa macho. Simama upande wa nje, tazama kimo chake, halafu ingia ndani ulitafute la pili. Kwa kufanya hivyo utaelewa kilichotokea kuliko kwa kukaa gizani saa tatu. Kiingilio cha mchana ni sehemu ndogo tu ya bei ya usiku.

Usiku wa uchunguzi ndani ya nyumba kama hizi huanzia dola 40 na huweza kufika 100 kwa kila mtu. Unachopata ni muda ndani ya jengo na pengine kuazimwa vifaa. Uliza maswali matatu: kundi lina watu wangapi, muda halisi ndani ya nyumba ni dakika ngapi baada ya maelezo na utangulizi, na vifaa vimo kwenye bei au vinakodishwa. Kundi la watu 15 kwenye nyumba yenye sakafu ya mbao ni hasara tupu, maana kila ubao utalia kwa sababu ya mguu wa mtu.

Tukifika kwenye vifaa, ndipo watu huumia zaidi. Kipima sumaku-umeme chenye taa tano huuzwa dola 50 hadi 70. Kipeleke karibu na simu inayopokea ujumbe, au ukutani palipopita nyaya, taa zote zinawaka. Ndani ya nyumba ya zamani iliyotiwa umeme baadaye, na wageni wote wana simu mifukoni, kifaa hicho hakikwambii lolote. Redio inayoruka stesheni kwa kasi, ile inayodaiwa kupitisha sauti za marehemu, hufika dola 100. Unachosikia ni vipande vya maneno ya watangazaji. Kamera ya joto ya kuchomeka kwenye simu ni dola 200 na zaidi. Hiyo angalau itakufaa nyumbani kutafuta dirisha linalovujisha baridi, lakini usiinunue kwa ajili ya usiku mmoja. Na duara nyeupe kwenye picha za giza ni vumbi lililopigwa na mwanga wa kamera.

Simu yako inatosha kunasa sauti. Iweke mezani, usiishike. Taja saa kwa sauti, na mtu akikohoa au kiatu kikilia aseme papo hapo, "Ni mimi." Wawili wenu waandike wanachosikia kila mmoja kwenye daftari lake bila kuoneshana, mlinganishe baadaye. Kumbuka pia kwamba Baltimore Street ni barabara kuu na malori hupita. Lori likipita, vyombo hutikisika.

Kifaa kimoja ningekinunua leo: kengele ya gesi ya kaboni monoksidi, dola 20 hadi 40. Mwaka 1921 daktari wa macho William Wilmer alichapisha habari za familia ya Marekani iliyohamia nyumba kuukuu ikaanza kusikia nyayo, kuona watu wasiokuwepo na kuumwa kichwa. Tanuri la kupashia nyumba joto lilikuwa bovu na linavujisha gesi hiyo. Lilipotengenezwa, mizuka ikakoma. Kama nyumbani kwako mwenyewe watoto wanalalamika kuhusu mtu wa usiku, anza na kengele hii kabla ya kumlipa yeyote. Itafanya kazi kwa miaka.

Kulala kwenye hoteli yenye "chumba cha mizuka" sikushauri ukiwa na bajeti finyu. Bei inayotangazwa si utakayolipa: kuna kodi ya jimbo ya asilimia 6, kuna ya wilaya juu yake, na wikendi nyingi hulazimishwa kulipia usiku mbili. Chumba chenye jina huongezwa bei, wakati cha jirani yake kina ukuta ule ule. Lala nje ya mji, au rudi nyumbani usiku huo huo.

Usafiri nao upigie hesabu, kwa sababu treni ya abiria haifiki Gettysburg. Ukikodi gari kwa kadi ya benki ya kawaida, kampuni huweza kuzuia dola mia kadhaa za dhamana, na pesa hizo huzipati mpaka siku kadhaa baada ya kurudisha gari. Gari la jamaa na petroli ya kuchangiana ni nafuu zaidi.

Kabla hujaondoka uwanjani, pitia nyumba nyingine ambayo sijaiona kwenye tangazo lolote la mizuka. Ni nyumba ndogo nyeupe ya Abraham Brian, mtu Mweusi huru aliyelima ekari 12 hivi juu ya mwinuko wa Cemetery Ridge. Aliondoka na familia yake kabla ya jeshi la Kusini kufika, kwa kuwa jeshi hilo lilikuwa linakamata watu Weusi wa Pennsylvania na kuwapeleka utumwani. Aliporudi alikuta nyumba imetobolewa na shamba limekwisha. Alidai fidia ya dola 1,028. Akalipwa 15. Kuiona ni bure.

Kwa familia ya watu watano, basi: mwongozaji asubuhi, chakula mlichopika wenyewe, nyumba ya Jennie Wade alasiri. Nafasi ya mwongozaji iwekeni leo, kwa sababu waongozaji ndio huisha kwanza. Ziara ya usiku isubiri mpaka mwone utabiri wa mvua, na mkiiona Oktoba imewazidi bei, Novemba siku za wiki nafasi zipo.